Akikamatwa Mtoto wa Mwenzako

Jumapili moja ya mwezi Machi mwaka 2025, baada ya Misa ya kwanza, waamini kadhaa walisimama chini ya mwembe nje ya kanisa nilikokwenda kusaidia. Habari iliyozungumzwa ilikuwa moja tu: yule mwanamke wa Kenya, mwenye umri wa miaka 37, aliyehukumiwa kifo mwezi huo huo katika mji wa Ho Chi Minh, nchini Vietnam. Alikamatwa uwanja wa ndege mwezi Julai 2023, na katika mizigo yake zikaonekana zaidi ya kilo 2 za kokeini. Simu zilikuwa zimeeneza uvumi kwamba angeuawa siku ya pili yake, tarehe 17 Machi.

Mzee mmoja alisema, "Maskini, binti wa watu alitumwa tu, hakujua alichobeba." Kijana mmoja akamjibu, "Hakujua nini, mzee wangu? Alilipwa. Nani hulipwa fedha zote zile kwa kubeba sanduku la nguo?" Wa tatu akakata shauri, "Wakimwachia huyu, kesho watakwenda mia." Basi kila mmoja alikuwa na hukumu yake mkononi. Katika wote hao hakuna aliyekuwa ameusoma ushahidi uliotolewa mahakamani. Nami pia sikuwa nimeusoma.

Palikuwapo mama mmoja amesimama kando, asiseme neno. Siku ya Jumanne alikuja ofisini kuomba Misa. Nilipomwuliza nia, alisema, "Kwa ajili ya msafiri." Nikamwuliza msafiri huyo amekwenda wapi, ndipo akalia. Mwanawe yumo gerezani katika nchi moja ya Asia, na huo ulikuwa mwaka wa nne. Majirani wameambiwa kwamba kijana yuko masomoni. "Padre," alisema, "nilipowasikia Jumapili, nilijua watakalosema juu ya mwanangu siku watakapojua."

Kwa sababu ya mama huyo twaleta somo hili. Hatukusudii kueleza ubaya wa dawa za kulevya, kwa maana huo wajulikana, na kila familia iliyo na kijana aliyeharibiwa na unga haihitaji kuelezwa. Twataka kujichunguza sisi wenyewe, tunaokaa nyumbani na kusikia kwamba fulani amekamatwa ugenini.

Kwanza tumalize habari ya yule wa Vietnam. Hakuuawa siku ile. Serikali ya Kenya ilimwombea kwa wakuu wa Vietnam. Halafu mwezi Juni 2025 Bunge la nchi hiyo likaiondoa adhabu ya kifo katika makosa 8, na kosa la kusafirisha dawa za kulevya likiwa mojawapo, kuanzia tarehe 1 Julai 2025. Tena sheria hiyo ikaagiza kwamba waliokuwa wamekwisha kuhukumiwa kifo kwa makosa hayo, nao hawajauawa, wabadilishiwe adhabu hiyo iwe kifungo cha maisha. Hapa tujiulize: katika wale waliolia na wale waliolaani mwezi Machi, ni wangapi waliofuata habari hata mwezi Juni? Sikusikia mtu akiizungumza chini ya mwembe. Huruma yetu na hasira yetu zilikuwa zimekwisha kuhamia kwingine.

Mtu huona kosa la jirani upesi kuliko la nyumbani mwake. Kwa hiyo tutazame kwanza nchi ya mbali, ambako hatuna ndugu wa kumtetea wala adui wa kumlaumu, kisha turudi kwetu.

Mwezi Oktoba 2004, katika kisiwa cha Bali nchini Indonesia, alikamatwa binti wa Australia aitwaye Schapelle Corby, mwenye miaka 27. Katika mfuko wa ubao wake wa kuchezea mawimbi zilikutwa kilo 4.2 za bangi. Alisema hakuziweka yeye, na mawakili wake wakadai kwamba huenda zilitiwa na wapakuzi wa mizigo viwanjani. Watu wa Australia waliona katika televisheni msichana mwenye sura nzuri, machozi yakimtoka, amezungukwa na askari wa nchi ngeni. Wengi mno wakasadiki kwamba hana hatia. Tarehe 27 Mei 2005 hukumu ya miaka 20 ilisomwa, na taifa zima likaitazama saa ile ile. Hasira ikapanda. Wapo waliodai warudishiwe fedha walizowatolea Waindonesia waliopatwa na gharika ya tsunami ya Desemba 2004. Siku chache baadaye bahasha yenye unga wa kutisha ilipelekwa katika ubalozi wa Indonesia mjini Canberra, hata ubalozi ukafungwa na watumishi wake wakatengwa ili wapimwe. Ndivyo huruma isiyo na kiasi inavyoweza kugeuka chuki. Tena miaka ilipopita, na binti yule akiwa bado gerezani, wale waliosadiki kwamba hana hatia wakawa wachache sana. Alitoka gerezani mwaka 2014, akarudishwa kwao mwaka 2017. Ushahidi uliotolewa mahakamani ulikuwa ule ule tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mioyo ya watazamaji.

Sasa tazama. Mwezi Aprili mwaka huo huo wa 2005, katika kisiwa hicho hicho, walikamatwa Waaustralia 9, wote chini ya miaka 30, na mdogo wao alikuwa na miaka 18. Kilo 8 na zaidi za heroini zilipatikana, nyingine zimefungwa kwa utepe juu ya miili yao. Hao hawakulia mbele ya kamera kwa namna ya kupendeza. Baadhi yao walikuwa watoto wa wahamiaji. Taifa lile lililokesha kwa ajili ya Corby likawatazama hao kwa ubaridi, na wengi wakasema wazi, "Walijua wafanyalo, na wavune walichopanda." Labda ni kweli kwamba walijua. Walakini mtu anayejua afanyalo bado ana mama.

Jambo moja la kesi ile linanirudia mara kwa mara. Baba wa kijana mmoja katika wale 9 alikuwa na wasiwasi juu ya safari ya mwanawe. Kwa njia ya rafiki yake mwanasheria aliomba polisi wa nchi yake wamwonye kijana kabla hajapotea. Polisi wa Australia waliwapa wenzao wa Indonesia habari za kundi lile, na vijana wakakamatwa katika nchi yenye adhabu ya kifo. Mwaka 2006 mahakama ya Australia iliamua kwamba polisi hawakuvunja sheria. Hatubishani na mahakama. Lakini mfikirie baba yule, aliyefanya kile tunachowahimiza wazazi wote wakifanye, halafu akamwona mwanawe akihukumiwa kifungo cha maisha, kisha kifo, kisha tena kifungo cha maisha. Kijana alikamatwa akiwa na miaka 19, naye alirudi kwao mwezi Desemba 2024. Waliosema kwamba wazazi wa vijana hao hawakuwalea walisema maneno rahisi.

Wawili katika wale 9, Andrew Chan na Myuran Sukumaran, walipigwa risasi katika kisiwa cha Nusakambangan usiku wa tarehe 29 Aprili 2015. Kufikia siku hiyo nchi yao ilikuwa imewageukia kwa huruma, kwa sababu miaka 10 ya gereza ilikuwa imewafanya watu wengine: mmoja mchungaji wa wafungwa wenzake, mwingine mchoraji. Magazeti ya dunia yaliandika majina yao kwa herufi kubwa. Je, msomaji, unajua usiku ule waliuawa watu wangapi? Waliuawa 8. Mmoja alikuwa Mbrazili, ambaye jamaa zake walithibitisha kwa madaktari kwamba ana ugonjwa wa akili. Mmoja alikuwa Mwindonesia. Wanne walikuwa Waafrika, waliohesabiwa kuwa Wanigeria. Sisi Waafrika tuliosoma habari ile tulijifunza majina ya wale wawili wa Australia, na ya ndugu zetu wanne wengi wetu hatukuyajua hata leo. Nakiri kwamba mimi nilikuwa miongoni mwa wasiojua, na niliyatafuta baadaye sana.

Usiku huo angekufa pia wa tisa, Mary Jane Veloso, mama wa watoto wawili kutoka Ufilipino. Alikamatwa Aprili 2010 katika uwanja wa ndege wa Yogyakarta, na katika sanduku lake zikatolewa kilo 2.6 za heroini. Alisema aliahidiwa kazi ya nyumbani huko Malaysia, kisha akaambiwa aende Indonesia, akapewa sanduku. Kesi iliendeshwa kwa Kiindonesia, na watetezi wake walieleza kwamba alitafsiriwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua vema. Siku moja kabla ya kuuawa, mwanamke aliyeshtakiwa kwamba ndiye aliyemtuma alijitokeza kwa polisi wa Ufilipino. Serikali ya Indonesia ikaiahirisha hukumu katika saa za mwisho. Mwezi Desemba 2024 alirudishwa kwao. Kama wale wa chini ya mwembe wangeachiwa kuamua mwaka 2010, angeokoka? Wengine wangesema ndiyo, wengine la, na wote wangeamua kwa kuitazama picha yake.

Tumefika kwenye kiini cha somo. Watu hubishana juu ya neno moja: alijua au hakujua? Wadhani kwamba majibu ni mawili tu. Wanaofundisha maadili huligawa jambo hili vizuri zaidi, na mgawanyo huo wafaa ujulikane na wazazi. Kuna kutojua kwa kweli, ambako mtu hata angejitahidi asingegundua. Mfano ni aliyeshonewa unga ndani ya kuta za sanduku, naye hakuwa na sababu ya kushuku. Kuna kutojua kwa uzembe, yaani ishara zilikuwapo na mtu hakuzijali. Na kuna kutojua kwa makusudi: mtu anashuku, lakini aogopa kuuliza, kwa maana akiuliza atapata jibu, na akipata jibu atalazimika kuikataa safari. Hili la tatu ndilo lenye giza kubwa. Kijana asiye na kazi anaambiwa, "Utapewa tiketi, hoteli, na fedha ya kuanzia biashara. Kazi yako ni kulifikisha begi tu." Moyoni anasikia sauti ikimwambia, "Hapa pana kitu." Anaizima sauti hiyo. Baadaye akisema mbele ya hakimu, "Sikujua," hasemi uongo wote, wala hasemi kweli yote. Ni nani kati yetu awezaye kulipima hilo kwa kutazama simu yake chini ya mwembe?

Nayo sheria za nchi nyingi hazimsaidii. Huko Singapore, mathalani, anayekutwa na heroini halisi ya zaidi ya gramu 15 kwa ajili ya biashara hukabiliwa na kifo, na sheria humchukulia mwenye mkoba kuwa ana habari ya kilichomo, mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Tangu mwaka 2013 wamelegeza kidogo: mbebaji wa kawaida akiwapa wapelelezi msaada mkubwa, hakimu aweza kumfunga maisha na kumchapa viboko badala ya kumnyonga. Yaonekana ni huruma. Lakini mbebaji mdogo ana nini cha kuwapa? Aliyempa sanduku alijiita jina la bandia na namba yake ya simu imekwisha kuzimwa. Mwenye siri za kuuza ni mkubwa, na mkubwa hapandi ndege akiwa na sanduku.

Kwetu mbebaji huitwa punda. Sijui ni nani aliyelianzisha jina hili, ila lina uovu wa pande mbili. Kwanza lamwondolea kijana dhamira, kwa maana punda hana dhambi, hubebeshwa tu. Pili lamwondolea utu, kwa maana punda akifa njiani hununuliwa mwingine. Wafanyabiashara wa unga wayaamini yote mawili. Ndiyo sababu hawaoni taabu kumwambia msichana ameze makumi ya kete, nao wajua kwamba moja ikipasuka tumboni atakufa kabla ya kufikishwa hospitali. Tena wako vijana wa kwetu waliopelekwa Pakistan na kuachwa huko kama rehani. Mwenye mali huwashika hata deni la unga lilipwe, na deni lisipolipwa wao ndio wanaoteswa. Wazazi wao hupokea simu usiku. Mzazi wa namna hii atamwendea nani, ikiwa jumuiya nzima imekwisha kusema kwamba watu kama hao na wafe?

Hapo ndipo twaona jinsi maneno yetu yanavyomlinda mshawishi. Tunaposema, "Ni malaika, ameonewa," vijana wengine hudhani kwamba anayebeba hupatwa kwa bahati mbaya tu. Tunaposema, "Ni shetani, anyongwe," familia yake hufunga mlango na kunyamaza. Katika hali zote mbili jina la aliyempa sanduku halitajwi. Mshawishi huyo hukaa mtaani mwetu, na pengine huchangia harusi na mazishi, nasi twamshukuru.

Kuna padre mmoja aliyeivunja desturi hiyo ya kunyamaza. Ni Padre John Wotherspoon, Mwaustralia wa shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, aliyehudumu miaka mingi akiwatembelea wafungwa wa Hong Kong. Aliwakuta magerezani vijana wa mataifa mengi, Watanzania wakiwamo, waliokamatwa na unga tumboni au mizigoni. Hong Kong haina adhabu ya kifo, lakini vifungo vyake ni virefu, miaka 10, 15, 20 na zaidi. Mwaka 2013 aliwaomba waandike barua kwa mikono yao wenyewe, za kuwaonya wenzao nyumbani. Barua zikatangazwa, na magazeti ya Tanzania yakaziandika. Padre mwenyewe amesimulia kwamba baada ya hapo idadi ya Watanzania waliokamatwa huko ilipungua sana. Baadaye alisafiri hata Afrika na Amerika ya Kusini kuendeleza kazi hiyo.

Nilizozisoma hazifanani na maneno yetu ya chini ya mwembe. Waandishi wake hawajidai kuwa malaika. Waeleza jinsi walivyodanganywa, na pia jinsi walivyojidanganya wenyewe. Wakiri kosa, waomba radhi kwa wazazi, kisha waeleza waziwazi jinsi washawishi wanavyofanya kazi yao. Kilichowasaidia ndugu zao si kutetewa wala kulaaniwa. Walipata mtu wa kuwatembelea na kuwasikiliza mpaka wakaweza kusema kweli. Nadhani barua moja ya namna hiyo ikisomwa mezani baada ya chakula cha jioni, watoto wakubwa wakiwapo, itafanya kazi kuliko mahubiri yangu matatu.

Wengine watauliza: Je, padre ataka wahalifu waachiwe? La hasha. Anayepeleka kilo 2 za heroini apeleka maangamizi katika nyumba nyingi, na ni haki afungwe. Kuhusu adhabu ya kifo, Kanisa limekwisha kusema wazi tangu mwaka 2018, Papa Fransisko alipoagiza kifungu cha Katekisimu kisahihishwe, kwamba haikubaliki, na halikuwabagua wauza unga. Lakini kufungwa ni kazi ya hakimu aliyeusikia ushahidi. Kazi hiyo haikupewa Jumuiya Ndogo Ndogo wala kundi la simu.

Basi siku habari itakapoingia mtaani kwamba mtoto wa fulani amekamatwa, kuna mambo ya kufanya. Familia ihakikishe kwanza kwamba ubalozi umejulishwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 wampa kila aliyekamatwa ugenini haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe, nao maofisa wake wana haki ya kumtembelea. Wengi hawaombi, kwa sababu hawajui, au kwa sababu waogopa habari isifike nyumbani. Itakuja simu ya mtu asiyejulikana, akidai kwamba anaweza kumtoa kijana kwa malipo. Asilipwe. Aliyempa sanduku akifahamika, atajwe kwa vyombo vya sheria. Familia ikiogopa kulipizwa, na imwendee paroko au mwanasheria, isiende peke yake. Majirani nao waingie nyumba ile kama waingiavyo palipo na msiba: waketi, wasaidie kuchota maji, wasiulize maswali.

Mama yule wa nia ya msafiri tulimsaidia kupata anwani ya gereza na jina la padre anayewatembelea wafungwa wa huko. Alikuwa hajamwandikia mwanawe hata mara moja, kwa kuwa hakujua aanzeje. Nilimweleza kwamba barua zote husomwa na askari, kwa hiyo asiandike neno juu ya kesi wala majina ya watu. Aandike habari za nyumbani. Alikaa mezani pangu saa nzima, akaandika kurasa mbili: mahindi yaliyokauka, mdogo wake aliyefaulu mtihani wa darasa la saba, shangazi aliyefariki. Mwishoni aliniuliza kama ni halali kuandika kwamba bado hajawaambia majirani. Nikamwambia aandike.